Mfuko wa Nati Nyekundu na Nyeupe

Mama yangu, Consolée, ni mtu wa kubishana na daktari, na padri, na hata na redio. Lakini mfuko wa nati wa marehemu baba hajawahi kubishana nao. Kwa hiyo fundi Marcellin alipotuambia kwamba ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya Kibenga, kando ya ziwa, umeloa hadi moyoni, na kwamba ziwa likiingia tena mwaka huu ukuta utaanguka, nami nikamsihi mama ahamie kwangu Rohero, mbali na maji, kabla mvua hazijakolea, nilijua atanijibu nini.

“Mufuko ulisema mara mbili,” akasema. “Maji iliingia mwaka juzi, ikaingia mwaka jana. Njo mbili. Imeisha. Mi sitoki hapa.” “Njo” ya nyumbani kwetu ni “ndiyo” ya shuleni.

Marcellin akanitazama. Nikajitia kutazama madoa ya maji ukutani. Ningemwelezaje fundi wa watu kwamba mama yangu anazungumzia nati arobaini zilizopakwa rangi nilipokuwa mtoto?

Baba yangu, Mugisho, alivuka mpaka kutoka Kongo akiwa kijana, akaishia mtaa wa Buyenzi akifundisha hesabu. Alikuwa mwembamba, suruali zake zilikaa kwa huruma ya mkanda, na alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote. Aliliita kuigiza. “Jambo ambalo huwezi kulingojea litokee,” alikuwa akituambia, “liigize kwanza hapa mezani.” Kazi yenyewe, alisema, ni kuchagua kifaa cha kuigizia. Jambo la nusu kwa nusu, rusha sarafu. Jambo la moja kati ya sita, chukua dadu. Na kwa mambo mengine yote ya dunia hii kuna mfuko.

Siku moja mwanafunzi alisimama akasema kesho ama itanyesha ama haitanyesha, mambo ni mawili, basi sarafu inatosha. Darasa zima likakubali. Baba alicheka hadi akaegemea ubao, halafu akampa adhabu ya kuhesabu siku za mvua mwezi mzima. Kijana alirudi na siku sita kati ya thelathini, amenuna. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuleta sarafu ya mvua mbele ya baba.

Mwanzoni mfukoni hamkuwa na nati. Mlikuwa na vizibo vya chupa alivyookota kwenye mabaa ya mjini, maana vilikuwa vya bure na vya rangi mbalimbali. Masikini baba, Mkristo wa watu, hakufikiri mara mbili. Aliwamwagia watoto wa Kiislamu wa Buyenzi vizibo vya bia juu ya madawati. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba mwalimu Mkongomani anawafundisha watoto kamari kwa vizibo vya pombe.

Wazazi walimtuma Hamimu akazungumze naye. Hamimu alikuwa fundi wa magari, gereji yake nyuma ya msikiti, na alikuja na grisi hadi viwikoni. Baba akamwomba akae nyuma asikilize kipindi kimoja kabla ya kumgombeza. Alikaa. Kengele ilipolia hakugombeza kitu. Aliuliza swali moja tu, kama mfuko ungeweza kumwambia plagi ngapi kati ya alizonunua zingekufa kabla ya mwaka. Kesho yake alileta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa nati za spana ya kumi na saba, zote sawasawa, nyingine amezipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye teksi ya mtu.

Na hapo nako kulikuwa na kosa. Ndani ya siku mbili msichana mmoja alikuwa akitoa nyekundu kila akitumbukiza mkono, kwa sababu nati yenye rangi ilikuwa laini na isiyo na rangi ilikuwa na kutu. “Mkono umejua!” baba akapiga kelele, kwa furaha hasa, wala si kwa hasira. “Mkono usijue! Mkono ukijua, mnajidanganya wenyewe.” Hamimu akazichukua zote, akazipaka upya, nyekundu na nyeupe, na mama akashona mfuko kwa kipande cha pazia letu la zamani. Ninalikumbuka pazia lile, lilikuwa na maua ya kahawia. Mpaka leo nikiona kitambaa cha kahawia nasikia mlio wa nati zikitikiswa, na sauti ya baba akimwambia kila mtoto aliyetoa nati: “Rudisha mu mufuko. Kila mwaka unaanza na mufuko wake muzima.”

Tuliishi Buyenzi, chumba na sebule, nyundo zikigonga mabati tangu alfajiri. Mimi nilipapenda. Mama alikuwa akinyauka. Alizaliwa ufukweni, kusini mwa mji, amekua akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga, na kila asubuhi alifungua dirisha, akavuta hewa ya mafuta machafu na moshi, akalifunga tena. Hakulalamika. Kwa mtu mwenye mdomo kama wake, ukimya ule ulimtisha baba kuliko kelele.

Basi mwaka wa tisini na tisa kikapatikana kiwanja Kibenga, hatua chache kutoka majini. Watu walimwonya baba kwamba ziwa hupanda. Baba naye akafanya alilofanya siku zote, akaenda kuhesabu. Aliwauliza wavuvi, akamuuliza mama mwenyewe: katika miaka arobaini iliyopita, maji yalifika pale mara ngapi? Mara nne, wakasema wote. Mama naye akasema nne.

Jumapili moja baada ya misa akatia mfukoni nati thelathini na sita nyeupe na nne nyekundu. “Tutaishi pale miaka thelathini,” akasema. “Mama Lisette, vuta wewe. Mimi ninakitaka mno kile kiwanja.” Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yangu ilikuwa kuchora duara kwenye daftari kwa kila mwaka, na kuijaza kwa kalamu nyekundu ikitoka nyekundu. Mama alifumba macho, akavuta, akarudisha, akavuta. Duara thelathini. Nilijaza mbili.

“Mbili,” baba akasema. “Nyumba iliyoinuliwa kwa ngazi tatu inavumilia mbili.” Akamgeukia mama. “Lakini hii si ahadi. Mfuko hauahidi mtu.”

Mama hakusikia maneno hayo ya mwisho. Alikuwa ameshaanza kutuambia dirisha lipi litatazama ziwa.

Tukaishi pale. Miaka ile ilikuwa mizuri, sioni haya kusema hivyo. Baba akirudi kazini alivua viatu kizingitini na kutembea pekupeku hadi majini, daftari kwapani. Mama akirudi kutoka sokoni alimpigia kelele kwamba viboko hawajui hesabu. Walicheka sana watu wale. Baba alifariki miaka sita iliyopita, kwa moyo, ziwa likiwa bado mbali na ngazi ya kwanza. Mimi nikawa mwalimu wa hesabu kama yeye, nikapanga Rohero karibu na shule, na mama akabaki na dirisha lake.

Kisha ziwa likaja. Mwaka juzi liliingia likapanda ngazi zote tatu, likakaa ndani wiki tano. Mwaka jana likarudi. Mara zote mbili mama alihamia kwa jirani wa juu, akangoja, akarudi, akafuta matope, akaanika daftari la baba juani. Alilihifadhi kabatini na huwa analifungua ukurasa mmoja tu, ule wa duara.

Baada ya Marcellin kuondoka siku ile nilikaa nikafikiri. Kama mfuko ndio uliomfunga mama pale, mfuko utamfungua. Jumapili iliyofuata nikaenda Kibenga. Maji yalikuwa tayari kwenye barabara ya chini, na watoto wa jirani walikuwa wakivukia juu ya mawe. Nikamwambia mama tuigize upya.

“Eh,” akasema, akajifuta mikono. “Leo njo unaongea sawa vile papa yako.”

Hapa lazima niseme ukweli. Nilipanga kumshinda mama yangu. Sikuchukua miaka sitini na zaidi, ile arobaini ya baba na ile tuliyoishi pale, nilichukua kumi tu ya mwisho kwa makusudi, maana katika kumi hiyo maji yaliingia mara mbili na hali ilionekana mbaya zaidi. Nati nane nyeupe, mbili nyekundu. Swali lilikuwa moja, je, maji yataingia mwaka huu? Tutavuta mara ishirini, tukirudisha kila mara. Nilitumaini bahati iniletee nyekundu sita au saba hivi, nimtie hofu.

Akavuta. Zilitoka nne.

“Kumi na sita nyeupe!” Mama akapiga makofi. “Kumi na sita kwa ishirini, Lisette! We mwenyewe umehesabu. Nakaa.”

Nilikasirika hadi machozi yakanilenga. Nilikuwa nimeshindwa na mfuko wangu mwenyewe, kwa hesabu yangu mwenyewe, na kila nikiupekua moyo sikuona kosa liko wapi. Nikasema lililokuja mdomoni.

“Sawa. Basi mi nakuja kukaa na weye. Kesho naleta matelas yangu. Nitalala mu chumba ya nyuma mpaka mvua iishe.”

“Chumba ya nyuma?”

“Njo haina mutu.”

“Ya kwenye ukuta?”

“Mama, mufuko umesema kumi na sita. Unaogopa nini?”

Sikuwa namtega. Wallahi sikuwa namtega, ingawa hadi leo yeye anashikilia kwamba nilimtega. Nilimaanisha. Nisingeweza kulala Rohero huku yeye yuko pale peke yake.

Mama akachukua nati moja nyekundu, akaizungusha kwenye vidole, akaitazama kama anatafuta bei yake. Alipoongea hakunitazama.

“Hii mufuko ni mubaya.”

“Mubaya namna gani?”

“Nati inasahau. Unairudisha, unatikisa, haijue mwaka jana ilikuwa nini. Ziwa haisahau, mutoto wangu. Ziwa ikipanda haishuki mwaka moja. Inakaa. Mwaka unaofuata inaanzia pale ilifika.” Akaiweka nati mezani. “Mi nilikuwa mutoto, niliona. Ile mara ine nilimwambia papa yako, hazikuwa moja huku moja kule. Bilikuwa miaka ine, moja nyuma ya ingine. Tulilala kwa majirani miaka ine.”

Nilihisi uso unawaka moto. Miaka kumi na tano ninafundisha watoto kuchagua kifaa cha kuigizia, na mwenyewe nilichagua kwa mazoea, kwa sababu baba alichagua vile. Nilikuwa yule kijana wa sarafu ya mvua.

“Na papa ulimwambia bilifuatana?”

“Apana.”

“Juu ya nini hukumwambia?”

“Juu nilitaka nyumba!” Alipaza sauti, halafu ikakatika. “Angejua bilifuatana, angetafuta mufuko ingine, angesema apana. Nilimwona anahesabu, nikanyamaza. Alikufa hajue. Mi nilimudanganya mutu ule, Lisette, ule wa kusema kila siku mukono usijue. Mukono yangu ilijua.”

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia tangu mazishi. Nikamshika mabega, nami nikalia, kwa sababu nilimkumbuka baba akitembea pekupeku na daftari kwapani, na kwa sababu nilimpenda mama zaidi kwa uongo ule kuliko nilivyowahi kumpenda kwa ukweli wake wote.

Tulipotulia, ni yeye aliyesema tuutengeneze mfuko unaofaa. “Mifuko mbili,” akasema. “Moja ya mwaka ukitoka kwa ukavu. Moja ya mwaka ukitoka kwa maji.” Nilitaka kumbusu. Katika darasa langu hakuna aliyewahi kufika hapo peke yake.

Mwaka jana ulikuwa wa maji, basi tulihitaji ule wa pili tu. Tukahesabu kwa vidole. Miaka ile minne ya utotoni: baada ya wa kwanza maji yalirudi, baada ya wa pili yakarudi, baada ya wa tatu yakarudi, baada ya wa nne yakaondoka. Kisha mwaka juzi: yalirudi. Mara tano ziwa lilikuwa limeingia na tukajua lilichofanya mwaka uliofuata, na mara nne kati ya hizo lilirudi. Nikatia nati nne nyekundu na moja nyeupe kwenye mfuko wa sukari, maana mfuko wa baba ulikuwa mmoja. Nikachukua daftari nitafute ukurasa mtupu wa kuchorea duara.

Kurasa zilizofuata ule wa duara zilikuwa zimegandana kwa maji ya mwaka juzi. Nikapenyeza kisu cha mezani taratibu nisizichane. Zilipoachana niliona maandishi ya baba, yamefifia lakini yanasomeka. Alikuwa amechora mifuko miwili. Chini ya mmoja aliandika, baada ya ukavu. Chini ya wa pili, baada ya maji: tatu kati ya nne. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo:

“Wavuvi wanasema miaka yote minne ilifuatana. Mama Lisette hajui. Tunaanza na ukavu, huenda tukapata miaka mingi. Nisimwambie, ataiacha nyumba anayoitaka.”

Nilisoma mara mbili. Halafu nikamsogezea mama daftari.

Alitafuta miwani yake, akaikosa, ikawa iko kichwani. Alisoma akifuata kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena. Nilingoja alie. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, na nilipomtazama vizuri alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka na anacheka.

“Ule muongo,” akasema. “Miaka hii yote namuonea haya, kumbe ule muongo! Na aliniambia nivute mi, eti yeye anaitaka mno.”

“Mama, tuvute?” nikauliza. Mfuko wa sukari ulikuwa bado mkononi mwangu.

“Tuvute nini? Najua iko nini mule.” Akainuka, akaenda dirishani, akalitazama ziwa kwa muda. “Alijua, na alikaa na mi hapa. Nilifikiri nikitoka, uongo yangu njo itaharibu hesabu yake. Nilikuwa nalinda nini? Ita Hamimu alete gari.”

Hamimu alikuja Alhamisi na pikapu ya gereji, mzee sasa, anaendesha akiwa ameegemea usukani. Alipoona mfuko wa pazia ukiwa wazi mapajani mwa mama alitambua kwenye nati rangi yake mwenyewe ya nyekundu. Akauliza kama nati zote bado zipo. Mama akamwambia zipo zote, na kwamba katika nyumba hii watu wote wawili walikuwa waongo isipokuwa nati. Hamimu hakuelewa, akacheka kwa adabu, akawasha gari.

Maji yaliingia wiki ya tatu ya Aprili. Marcellin alinipigia simu nikiwa darasani, nikaomba ruhusa, nikaenda. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala mzima ndani ya chumba cha nyuma, pale ambapo ningetandika godoro langu. Nilisimama kwenye maji hadi magotini nikautazama.

Niliporudi Rohero mama alikuwa ameketi kibarazani, amegeuza kiti upande wa kusini, ingawa kutoka kwangu ziwa halionekani, yanaonekana mapaa tu. Mfuko ulikuwa mapajani. Alitazama suruali yangu iliyolowa.

“Nyekundu?” akauliza.

“Nyekundu, Mama.”

Alikuwa na nati moja nyekundu kiganjani, sijui alikuwa ameishika tangu saa ngapi. Akafungua kamba ya mfuko, akaitumbukiza ndani, akatikisa kwa mkono mmoja jinsi baba alivyokuwa akitikisa.

“Rudisha mu mufuko,” akasema polepole, na akasogeza miguu nipate nafasi ya kukaa.